Madame de Pompadour na Vyumba vya Juu ya Mfalme

Huwa naulizwa kama Madame de Pompadour alikuwa suria wa Mfalme Louis XV. Silitumii neno hilo kwake, kwa sababu suria wa pwani yetu alikuwa mjakazi anayetambuliwa na sheria, na mwanawe aliweza kurithi hata kiti cha enzi, kama walivyorithi masultani kadhaa wa Zanzibar. Kipenzi wa mfalme wa Ufaransa alikuwa mwanamke huru, aghalabu mke wa mtu, na mtoto ambaye angemzalia mfalme hakuwa na haki ya kutawala. Mtaji wake ulikuwa mmoja tu, nao ni kuwa karibu na mfalme.

Pompadour, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Jeanne-Antoinette Poisson, alizaliwa Paris mwaka 1721 katika familia ya watu wa fedha, si ya makabaila. Mwaka 1745, baada ya mfalme kuvutiwa naye, alitenganishwa na mumewe kisheria, akapewa cheo cha kikabaila cha markizi wa Pompadour, na tarehe 14 Septemba akatambulishwa rasmi mbele ya mfalme na malkia, kwani asiyetambulishwa hakuwa na nafasi katika maisha ya Versailles, kasri alimoishi mfalme. Kisha akapewa vyumba vya juu kabisa, chini ya paa, vilivyounganishwa na vya mfalme kwa ngazi ya ndani. Aliyetaka cheo kwa mwanawe alizipanda ngazi za kwenda kwake akihema, wakiwemo wale waliomcheka kwa nyimbo za kejeli zilizochezea jina lake la ukoo, ambalo maana yake ni samaki.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Mfalme alichoka upesi na kila kitu, kwa hiyo ilimbidi amwandalie karamu ndogo za usiku, na tangu mwaka 1747 michezo ya kuigiza ambayo yeye mwenyewe aliigiza na kuimba, ilhali afya yake ilikuwa dhaifu. Kufikia mwaka 1750 hivi walikuwa wameacha kulala pamoja. Maadui zake walidhani siku zake zimekwisha, lakini akahamishiwa vyumba vya chini vyenye heshima kubwa zaidi, na sauti yake katika uteuzi wa mawaziri ikazidi kusikika. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wengi wanapokosea kumwelewa: kitanda kilimfungulia mlango, lakini hakikuwa nguzo iliyomsimamisha.

Hofu ya kufukuzwa haikumtoka hata hivyo. Januari 1757, mfalme alipochomwa kisu na mtu aitwaye Damiens na kudhani anakufa, aliungama dhambi zake na hakumpelekea Pompadour hata neno moja. Waziri Machault alimshauri afungashe, naye akaanza kufungasha, kabla ya rafiki yake kumsihi abaki. Mfalme alipona na kumrudia Pompadour, na tarehe 1 Februari aliyeondoka Versailles alikuwa Machault.

Alifia humo humo kasrini tarehe 15 Aprili 1764, akiwa na miaka 42, ingawa desturi haikumruhusu asiye wa damu ya kifalme kufia pale. Maiti yake ilitolewa nje siku ile ile.