Je, Wajua kwa Nini Jicho Hutokeza Ilhali Lenyewe Halijavimba?

Mtu jicho lake moja likianza kutokeza, iwe Wete au Makunduchi, watu husema jicho limevimba. Wengine hutaja husuda. Kumbe mara nyingi jicho lenyewe halijaongezeka hata kidogo: upana wake ni uleule wa mwenziwe, milimita 24 hivi. Wenye tatizo kubwa la kutoona mbali ni kando, maana jicho lao hurefuka kweli. Kwa wengine, kuna kitu nyuma au ubavuni kinacholisukuma.

Chukua kifuu cha nazi, weka mpira mdogo ndani, uzungushie usumba. Kifuu hakitanuki. Ukipenyeza kokoto chini ya mpira, mpira hauna pa kwenda ila mdomoni. Kokoto ikiingia ubavuni, mpira huhamia upande wa pili. Tundu la jicho ndivyo lilivyo: mfupa pande zote, wazi mbele tu. Nafasi yake ni kama mililita 30. Jicho huchukua 7 hivi, kwengine kote ni mafuta, misuli na mishipa.

Ndiyo maana daktari huangalia jicho limeelekea wapi. Hemanjioma, fundo la vijishipa vya damu, hukaa zaidi katikati ya misuli nyuma ya jicho, basi hulisukuma mbele moja kwa moja. Ostioma ni mfupa ulioota, na hupenda sainasi ya paji la uso, yaani uwazi wenye hewa ndani ya mfupa, juu ya nyusi. Ikikua sana hulisukuma jicho chini na nje. Nyingi hazifiki huko, hugunduliwa kichwa kikipigwa picha kwa sababu nyengine.

Uvimbe wa aina hizi mbili si saratani, hausambai mwilini. Lakini ukibana mshipa wa fahamu wa jicho, uoni hupotea vilevile, kwa hiyo usidharauliwe.

Kwa watu wazima, sababu kubwa ya macho kutokeza ni maradhi ya tezi ya shingo, na huweza kuanza kwa jicho moja. Kwa mtoto, jicho likitokeza ndani ya siku au wiki chache, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ikawa saratani.

Daktari husimama nyuma yako, akakuinamisha kichwa nyuma, akatazama kutoka juu ya paji jicho lipi limepita nyusi. Tofauti ya zaidi ya milimita 2 humshughulisha. Nenda na kitambulisho chako cha Mzanzibari au picha ya harusi, aone lilianza lini.