Namna ya kutoa polisakaridi zenye uwezo wa antioksidanti katika mimea ya dawa

Ute unaoteleza mkononi mtu anapopasua jani la mshubiri ni maji kwa takriban asilimia 99, na kinachoyafanya maji hayo yavutike ni polisakaridi, yaani molekuli ndefu za sukari ndogondogo zilizoungana kama shanga katika uzi mmoja. Antioksidanti, kwa upande wake, ni kitu kinachotuliza radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, kwa kuipatia elektroni au hidrojeni kabla haijainyang'anya seli. Baadhi ya polisakaridi za mimea zina uwezo huo, hasa zenye asidi za uroniki (sukari zenye kundi la asidi), ingawa kwa kawaida haziifikii vitamini C.

Kabla ya yote, mmea utambuliwe kwa jina lake la kisayansi, kwa kuwa jina moja la Mashi, lugha ya wenyeji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, au la Kiswahili huweza kubeba mimea miwili tofauti. Kwa wakazi wa Bukavu, mkusanyo wa mimea iliyokaushwa ulioko katika kituo cha utafiti cha Lwiro unafaa sana kwa kazi hiyo.

Utoaji wenyewe unategemea tabia moja: polisakaridi hizi huyeyuka katika maji ya moto lakini hukataa alkoholi. Unga wa mmea huloweshwa kwanza katika ethanoli, yaani alkoholi ya kawaida, ili rangi, mafuta na sukari fupi zitoke, kisha huchemshwa katika maji kwa saa mbili au tatu, mara nyingi kati ya nyuzi 80 na 100. Bukavu, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu, kwa hiyo maelekezo yanayodai nyuzi 100 hayatekelezeki katika sufuria ya wazi. Maji hayo huchujwa na kupunguzwa kwa mvuke, kisha huongezewa ethanoli mara tatu au nne ya ujazo wake. Hapo nyuzinyuzi nyeupe au za kijivu huanza kuelea, na baada ya usiku mmoja kwenye baridi hutuama chini.

Mashapo hayo bado si safi, na hapa ndipo wengi hukosea. Yana protini, pengine wanga, na tanini (kemikali chungu za mimea, ambazo nazo ni antioksidanti) zilizong'ang'ania. Protini huondolewa kwa klorofomu na butanoli, na chembe ndogo huchujwa kwa mfuko wa utando wenye vitundu vidogo mno. Bila usafishaji huo, kimiminika cha DPPH, radikali huru ya maabara inayotumika kupima uwezo wa antioksidanti, kinapogeuka kutoka urujuani kuwa njano, sifa huenda kwa polisakaridi ilhali kazi imefanywa na tanini.

Hata matokeo safi ya maabara hayatoshi kuisifia chupa inayouzwa katika soko la Kadutu mjini Bukavu, kwa maana molekuli ndefu kama hizi kwa sehemu kubwa hazipenyi ukuta wa utumbo zikiwa nzima: nyingi huishia kuchachushwa na bakteria wa utumbo mpana.