Anaacha Wali wa Upande wa Kushoto: Maswali na Majibu

Kazi yangu ni tiba ya mazoezi kwa waliopatwa na kiharusi, hapa Mombasa. Maswali haya huulizwa na jamaa wa wagonjwa, kando ya kitanda au kwenye benchi la nje, na mengi huulizwa wakati umeshapita. Nayaandika yamfikie ambaye bado hajachelewa.

Baba anakula wali wa upande wa kulia wa sinia tu. Wa kushoto hata haugusi. Ni macho?

Macho huenda ni mazima kabisa. Jicho hupokea mwanga, lakini akili ndiyo huchagua kipi kishughulikiwe na kipi kiachwe. Kuchagua huko ndiko tunakoita umakini. Nyosha mkono mbele yako, utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo unaloliona kwa uwazi kamili ni kama upana wa kidole hicho tu. Kwingine kote kumefifia, na jicho huruka huku na huku mara tatu hivi kwa sekunde ili kukusanya picha. Akili ndiyo huliamuru liruke wapi.

Ubongo ukiumia upande wa kulia, hasa sehemu iliyo juu na nyuma ya sikio, amri ya kutazama kushoto hupotea. Mwanga unaingia kama kawaida, ila kwa mgonjwa kushoto hakuna kitu. Atagonga mwimo wa mlango, atanyoa nusu ya ndevu, ataitwa kutoka kushoto na ageuke kulia. Likianza ghafla kwa mtu mzima mwenye presha au sukari, mimi nafikiria kiharusi kwanza, na nawe fikiria hivyo hivyo.

Tumpeleke duka la miwani kwanza?

Hapana. Hospitali kubwa, yenye wodi ya dharura na mashine ya CT inayopiga picha ya ubongo, na iwe saa hiyo hiyo. Nimepokea mzee aliyezungushwa siku mbili akipimwa miwani. Macho yalipimwa yakaonekana safi, familia ikafurahi, ikarudi naye nyumbani.

Lakini anaongea vizuri, na mwenyewe anasema hana neno.

Hapa ndipo ninapowapoteza watu, kwa hiyo nisomeni polepole.

Kwa watu wengi, lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo. Kiharusi kikipiga upande wa kulia, ulimi unaweza kubaki mzima: atasalimia, atauliza habari za watoto, pengine hata atataka chai. Na jeraha lile lile linaweza kumwondolea uwezo wa kujua kwamba anaumwa. Hamdanganyi mtu wala hajikazi kiume. Hajui. Nimewahi kuuinua mkono wa kushoto wa mgonjwa nikamuuliza, "Huu mkono wa nani, baba?" Akanijibu kwa upole, "Wako."

Kwa hiyo neno lake si ushahidi. Akisema yuko sawa, si ushahidi. Akikasirika kwamba mnamsumbua, si ushahidi. Tazameni anavyofanya: uso umepinda? Mkono mmoja umelegea akiinua yote miwili? Maneno yamevurugika? Upande mmoja kausahau? Moja tu kati ya hayo, likija ghafla, latosha kumwondoa nyumbani.

Ilikuwa usiku, tukaona alale, asubuhi tutaangalia.

Sentensi hii naisikia kuliko nyingine yoyote, na naomba jamani tuiache.

Kiharusi kingi hutokana na damu iliyoganda na kuziba mshipa wa ubongo. Mshipa mkubwa ukizibwa, seli za ubongo zinazokufa hukadiriwa kuwa milioni 1.9 kila dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha damu hiyo, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na saa hizo hazihesabiwi tangu mlipofika hospitali. Zinahesabiwa tangu mara ya mwisho mtu alipoonekana mzima. Akilala saa tatu za usiku akiwa mzima, mkamkuta hivi saa kumi na moja alfajiri, kwa hesabu ya daktari zimeshapita saa 8. Aliyeanza kubadilika saa nne mbele ya macho yenu, mkamfunika shuka, nyinyi ndio mliozitupa saa zake.

Mtu wa Likoni au Mtongwe ataniambia kuhusu kivuko usiku. Najua. Hiyo ni sababu ya kutoka mapema, si sababu ya kungoja kuche. Na saa mliyomwona mzima mara ya mwisho, iandikeni mkononi. Ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.

Jirani alisema ni jini, tukaanza na kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya dua.

Sina ugomvi na dua ya mtu. Someni, na msome njiani ndani ya gari. Ila msimnyweshe kitu. Kiharusi hulegeza koo, na maji ambayo jana alimeza bila taabu leo yanaweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia. Kombe, uji, maji ya zamzam, chai ya tangawizi: vyote ni hatari mpaka apimwe jinsi anavyomeza. Kama amelegea au anatapika, mlazeni kwa ubavu.

Na aspirini? Au tembe za presha za mama?

Hapana kwa zote mbili. Wengine mshipa wao haukuziba, umepasuka, na aspirini itazidisha kuvuja. Picha ya CT ndiyo inayotenganisha hao wawili, wala hakuna jicho la jirani linaloweza. Presha nayo ikishushwa ghafla kwa tembe za mtu mwingine, ubongo unaokosa damu utazidi kuikosa.

Kumbukumbu inahusikaje? Baba anasahau pia.

Kinachoshika jambo kwa muda mfupi akilini ni kidogo: hubeba vitu kama vinne kwa mara moja. Ili jambo likae, lazima kwanza liangaliwe, kisha lipite sehemu ndogo ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi. Lisiloangaliwa haliwekwi.

Lakini kwa wagonjwa hawa kuna kubwa zaidi: hata yaliyowekwa zamani, upande wa kushoto unaweza kufungwa. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Italia, Bisiach na Luzzatti, waliwaomba wagonjwa wao wauone akilini uwanja wa kanisa kuu la Milan, waliokuwa wakiujua tangu zamani. Walipojiona wanalitazama kanisa kutoka ng'ambo ya uwanja, walitaja zaidi majengo ya kulia. Wakaambiwa wajione mlangoni mwa kanisa wakitazama ng'ambo. Sasa wakataja yale waliyoyaacha, na ya mwanzo wakayaruka. Kumbukumbu ilikuwapo yote. Umakini ndio haukufika kushoto, hata ndani ya fikra.

Nami humwomba mgonjwa wa Mji wa Kale ajione anatembea Ndia Kuu akitoka Fort Jesus, anitajie milango. Kisha arudi. Watoto wake wakisikiliza, ndipo wanapoacha kusema kwamba baba anafanya makusudi.

Mimi nasahau nilipoweka funguo kila siku. Nina hatari?

Uliziweka huku unatazama simu, kwa hiyo akili haikupewa cha kuhifadhi. Hilo si ugonjwa. Bali mtu aliyekuwa mzima, kisha ghafla anauliza swali lile lile kila dakika mbili au hajui yuko wapi, ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje.

Akirudi nyumbani tumsaidieje?

Msimfokee. Wekeni kitambaa chekundu ukingo wa kushoto wa sinia, mumfundishe asiendelee kula mpaka akione. Akikiona, ajue amefika mwisho. Akichoka, zungusheni sinia, asilale na njaa. Asiendeshe gari wala pikipiki mpaka apimwe, na asivuke barabara peke yake. Magari ya njia ya karibu hutoka kulia, hayo atayaona. Ya njia ya pili hutoka kushoto. Na tembe zake za presha ni za kila siku, hata siku anayojisikia vizuri, kwa sababu presha haina kelele. Kuziacha kwa kuwa "nimepoa" ndiko kunakowarudisha kwangu na kiharusi cha pili.

Atacheza bao tena?

Wengi hurudi barazani. Bao la kete ni zuri kwa mazoezi: mashimo 16 ni yake, na miezi ya kwanza atakuwa anacheza manane ya kulia, ya kushoto yanalala na kete zake. Aketi na mtu mvumilivu. Kila zamu, kabla hajashika kete, aguse kwa kidole shimo la mwisho la kushoto, kisha ahesabu kuanzia hapo.