Klachi ikiisha, pesa kubwa inaenda kwenye kushusha giaboksi

Wiki chache zilizopita ililetwa kwangu gari ndogo ya manyuo (ya kubadilisha gia kwa mkono), ya zamani kidogo ila injini yake bado safi kabisa, mwenyewe akaniambia "fundi, klachi nimefunga mpya miezi minne tu iliyopita, mbona inateleza tena?" Nikaichukua nikaenda nayo kwenye kamlima, gia ya nne, nikakanyaga mafuta, mshale wa resi unapanda vizuri tu lakini gari haiongezi mwendo, na ile harufu ya kuungua ikaanza kuingia ndani. Tukashusha giaboksi. Klachi pleti kweli ni mpya, unene wake karibu wote upo, lakini imeloa, nyeusi, inang'aa, ukipitisha kidole kinatoka na oili. Nikamulika tochi nyuma ya injini nikaona mchirizi unatoka kwenye sili ya krenki (shafti kuu ya injini) unashuka nyuma ya flaiwili, lile duara zito la chuma ambalo klachi inafungwa juu yake, na chini yake tope la oili na vumbi lililogandia vile haliwezi kuwa la miezi minne. Yaani ile sili ilikuwa inavuja tangu siku wanafunga klachi mpya, na ikaachwa humohumo.

Sili yenyewe ni kiduara cha mpira tu, moja ya spea za bei ndogo kabisa kwenye gari. Lakini kuifikia lazima giaboksi ishuke, klachi itoke, flaiwili itoke. Kwa hiyo huyu bwana alilipia kazi ileile mara mbili na klachi mbili ndani ya miezi minne. Iliniuma sana, na ndo maana naandika hii.

Watu wakiuliza "klachi ni shilingi ngapi" wanafikiria ile boksi ya dukani, lakini kwenye magari mengi ya zamani ufundi ndo unakula sehemu kubwa ya bili, sababu klachi imekaa katikati ya injini na giaboksi na hakuna mlango wa kuingilia. Gari ya kuvuta mbele lazima utoe drivshafti zote mbili, umwage oili ya giaboksi, uning'inize injini juu ndo ufungue maunti (vile vishikio vyake), na zingine mpaka ushushe subfremu. Ya kuvuta nyuma mara nyingi ni rahisi zaidi, unatoa propela shafti na giaboksi inarudi nyuma. Fobai foo ndo nzito zaidi, kuna transifa keshi, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inabebana na giaboksi. Fundi mzoefu anaweza kumaliza gari ya kawaida kwa masaa manne mpaka saba hivi, na hapo ni kama boliti hazijashika kutu, na gari ya zamani bila boliti ya kutu sijaiona.

Sasa kabla hujakubali kufunguliwa, hakikisha tatizo ni klachi kweli. Klachi kuteleza na klachi kutoachia ni magonjwa mawili tofauti kabisa na watu wanayachanganya kila siku. Kuteleza ni pale resi zinapanda bila mwendo, unaisikia kwenye gia kubwa au ukipanda mlima na mzigo. Kutoachia ni pale umekanyaga mpaka mwisho na bado gia zinakataa kuingia au riva inakwaruza. Hii ya pili mara nyingi haihitaji kushusha kitu. Kama gari yako inatumia mafuta ya haidroliki (sio petroli) kusukuma klachi, angalia masta silinda pale juu ya pedali na slevu silinda pale kwenye giaboksi, vuta mpira wa slevu uone kama kuna unyevu, angalia kopo la mafuta hayo kama limeshuka. Hewa ikiingia kwenye mfumo pedali inakuwa laini, ukiipampu mara mbili tatu gia zinaingia. Ukiona hivyo anza na hiyo silinda na kutoa hewa, kazi ya nusu siku tena ndogo.

Na kama ni ya waya basi anza na waya. Jinsi pleti inavyoisha, presha pleti (ile inayoibana pleti kwenye flaiwili) inasogea karibu na flaiwili na vile vidole vya springi vinasogea upande wa giaboksi, matokeo yake ile nafasi ya pedali kucheza bure inapungua. Ikifika sifuri rilizi beringi, ile inayosukuma vidole ukikanyaga pedali, inakuwa imeegemea vidole muda wote, ni kama mtu ameacha mguu juu ya klachi mchana kutwa, na klachi itateleza hata kama pleti ina maisha bado. Nimeshapokea gari ya "klachi imeisha" nikalegeza nati ya waya, nikarudisha mchezo wa pedali, mtu akaondoka nayo na ikamfikisha mbali tu. Nyingi za waya zina nati ya kurekebisha, zingine zinajirekebisha zenyewe.

Kelele nayo inakuambia. Gari iko frii, injini inanguruma, ukikanyaga klachi kelele inaanza basi hiyo ni rilizi beringi. Kelele ipo ukiwa umeachia na inapotea ukikanyaga, hapo mtuhumiwa ni beringi ya shafti ya giaboksi, na hiyo ni habari nyingine na bili nyingine, bora uijue mapema kabla ya kununua kit ya klachi. Gari kutetemeka ukiondoka inaweza kuwa oili kwenye pleti au flaiwili iliyoungua, lakini pia maunti ya injini iliyokatika inatoa mtetemeko uleule, sukuma injini kwa mkono kwanza.

Haya, giaboksi iko chini. Pleti iliyoisha ukiishika mkononi utaona riveti zimekaribia usawa wa ngozi, yaani ule uso wa pleti unaosuguana. Vitabu vya Toyota nyingi za zamani vinataka kichwa cha riveti kiwe chini ya ngozi angalau mm 0.3, pungufu ya hapo ni ya kutupa. Ukichelewa zaidi riveti zenyewe zinaanza kusaga flaiwili, utaona mifereji ya duara kama sahani ya santuri, na hapo umejiongezea gharama. Mimi kwenye kufunga klachi nabadilisha vitu vitatu kwa pamoja, pleti, presha pleti na rilizi beringi, sina mjadala na hilo. Mteja akiniambia "weka pleti tu, hiyo presha bado nzima" namuonyesha vidole vya springi vilivyochimbika pale beringi inaposugua, na ule uso wake wenye madoa ya bluu ya joto. Ukifunga pleti mpya kwenye presha iliyochoka, unarudi. Alafu naangalia sili mbili, ya krenki na ya shafti ya giaboksi, hata kwenye unyevu kidogo tu nabadilisha, na kaberingi ka katikati ya krenki kwa gari zenye nako. Foki ya klachi na mpira wake pia nacheki. Na kama slevu ni ile ya duara inayokaa ndani kuzunguka shafti, nabadilisha hata kama haivuji, sababu siku ikivuja ni kushusha giaboksi tena.

Flaiwili ya kipande kimoja yenye madoa ya bluu, mifereji au nyufa ndogondogo naipeleka ikachongwe kwenye mashine, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kazi nzima. Ila ina kikomo chake, na zile zenye ngazi (pale presha inapofungwa hapako usawa mmoja na uso wa pleti) lazima ngazi ipunguzwe kwa kiasi kilekile, la sivyo presha haitabana inavyotakiwa. Nyufa za kina hatuchongi, tunabadilisha. Shida iko kwenye flaiwili za vipande viwili zenye springi ndani, zipo kwenye dizeli nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea, ile ikichoka bei yake inaweza kupita kit nzima ya klachi. Kama gari yako ni ya aina hiyo uliza mapema, muombe fundi akupe makadirio mawili, ya flaiwili ikiwa nzima na ya flaiwili ikiwa imekufa, ili giaboksi ikiwa chini usianze kutafuta pesa kwa presha.

Kwenye kununua spea, Exedy, Aisin, LuK, Sachs na Valeo ndo majina yanayotengenezea hata viwanda vya magari, na kwa sababu hiyohiyo yanaigwa sana. Usiangalie boksi, angalia kitu. Chukua pleti ya zamani ilaze juu ya mpya, pima upana, kuna ya mm 200 na ya mm 212 ambazo kwa macho zinafanana kabisa, hesabu meno ya katikati, alafu iingize kwenye shafti ya giaboksi uone kama inateleza bila kukwama na bila kulegea. Dakika tano tu hizo. Pleti ya mtumba sinunui na sikushauri, unalipa ufundi uleule kwa kitu ambacho hujui kimebakiza nini.

Kuna mambo ya kazi ambayo hata wewe ukiwa umesimama pale unaweza kuyaona. Vumbi la ndani lisipulizwe na kompresa, pleti za zamani zilikuwa na asibesto, Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku yake 2005 lakini gari kuukuu huwezi kujua ina nini, kwa hiyo kitambaa kibichi na barakoa. Presha mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, yafutwe yote kabla ya kufunga. Grisi kwenye meno ya shafti ni kidogo sana, ikizidi inarushwa kwenye pleti. Pleti ina upande, nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili, ikigeuzwa haiachii. Pleti iwekwe katikati kwa kifaa chake, boliti zikazwe kwa kuvukana kidogokidogo, na giaboksi isiachwe ikaning'inia kwa shafti ikiwa ndani ya pleti hata dakika moja, inapinda katikati ya pleti na utaletewa gari isiyoachia gia wakati kila kitu ni kipya. Hili la mwisho linatokea sana pale fundi anapofanya peke yake bila jeki ya giaboksi.

Usisahau oili ya giaboksi kwenye bajeti, ile uliyomwaga usiirudishe. Na uweke inayotakiwa na kitabu, giaboksi nyingi za zamani zinataka oili ya daraja la GL-4, zingine ukiziwekea GL-5 inakula taratibu shaba ya sinkronaiza, vile viringi vinavyofanya gia ziingie laini.

Je, inalipa kwa gari ya zamani? Kwangu mimi injini ikiwa haili oili na bodi haijaoza, funga klachi na ufunge vizuri, kit ikiwa nzuri na mguu ukiwa mzuri inaweza kukupeleka kilomita laki moja na zaidi. Injini ikiwa nayo inaelekea kufa, usifunge kwanza, subiri ujue kama injini inatoka, sababu siku injini inatoka klachi iko wazi bure.

Ukienda kuchukua gari omba upewe pleti, presha na beringi za zamani uzione kwa macho. Jaribu riva ikiwa ya moto, sio ya baridi tu. Kilomita 500 za kwanza nenda taratibu, usivute mzigo wala kuondoka kwa resi kubwa, acha nyuso zizoeane. Alafu baada ya wiki moja ingia chini na tochi, angalia pale injini inapokutana na giaboksi, pawe pakavu, na ukikuta tone mrudishie fundi wako siku hiyohiyo kabla oili haijafika kwenye pleti.