Kusoma juani hakupofushi

Asubuhi za baridi Mbeya na Iringa, watoto huota jua na daftari mkononi, na wazazi huwakemea: "Utapofuka!" Wanasema kwa upendo, ila si kweli. Karatasi nyeupe hurudisha mwanga mwingi, mboni husinyaa, na misuli ya kope huchoka kwa kukunja uso. Isitoshe, anayesoma hupepesa macho mara chache, na upepo mkavu wa nyanda za juu hukausha machozi. Hapo herufi huingia ukungu. Ukiingia ndani, giza la dakika chache ni macho kuzoea tu.

Keti kivulini au vaa kofia pana. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Kinachounguza retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ni kulikodolea jua lenyewe. Ukungu usioisha hata ukipumzika, kapimwe macho.