Akisema amebadilika, mwenye jibu ni mkewe

Katika vikao vya mafunzo ya kubadilika tunavyoendesha na wanaume waliowapiga wake zao, neno linalotangulia karibu kila mara ni "hasira zilinizidi." Huwa namuuliza aliyesema hivyo: bosi wako akikufokea mbele ya wenzako, unampiga? Kimya. Mtu anayejizuia kutwa nzima kazini, kisha akashindwa kujizuia akishafunga mlango wa nyumbani, si mgonjwa wa hasira. Anajua anayemwonea. Kumfundisha kuvuta pumzi tu hakutoshi.

Mpango wa kukabiliana na ukatili wa nyumbani ulioanza mwaka 1981 katika mji wa Duluth, Marekani, ulilitambua hilo mapema. Wanawake waliopitia kipigo walieleza wenyewe kilichokuwa kikiwapata: kunyimwa fedha, kutengwa na ndugu, kutishiwa kunyang'anywa watoto. Ngumi ilikuwa sehemu tu ya utawala huo.

Ndiyo maana tunapofanya kazi na mtenda ukatili, manusura anakuwa na mhudumu wake, tofauti na anayezungumza na mume. Anaelezwa mume ameanza mafunzo lini, na mume akiyaacha, anaarifiwa upesi. Anachotuambia hakimfikii mume kamwe, kwani neno moja likivuja analipia yeye usiku huohuo. Mume naye huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba siri zake zina mpaka: akitishia kudhuru mtu, tutasema. Na hatuwaketishi pamoja kusuluhishwa. Mke atasema nini huku anatazamwa?

Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011, yaani mkataba wa Baraza la Ulaya dhidi ya ukatili kwa wanawake, ibara ya 16, unataka usalama wa waathirika utangulizwe katika programu hizi. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mahudhurio yakigeuzwa silaha. Mwanamume anakuja kila wiki na daftari lake, kisha anamwambia mkewe, "Hata mshauri anasema wewe ndiye unanichokoza." Au anamsihi arudi kwa kuwa "natibiwa." Mke asiharakishwe kurudi. Wakati wa kuachana na baada yake ni wa hatari kubwa, na kama mume amewahi kumkaba koo, hata mara moja, hiyo ni dalili ya hatari ya kuuawa. Atafute msaada bila kungoja mume amalize mafunzo.

Kwa hiyo cheti cha kuhitimu hakinishawishi sana. Mama mmoja alipoulizwa kimebadilika nini, hakutaja kipigo. Alisema, "Jana nilichelewa kurudi, na njiani sikutunga maelezo."