Kwa nini bata mwitu hulipita bwawa lako na kutua kwa jirani?

Bwawa limechimbwa vizuri. Kingo zimenyooka, maji ni mengi na masafi, samaki wamejaa, nyasi zimefyekwa hadi ukingoni. Bata mwitu wanapita juu, wanazunguka mara mbili, kisha wanakwenda kutua kwenye lambo la jirani lenye tope, ambalo nusu yake imemezwa na majani. Kinachowapeleka huko ni urefu wa shingo zao.

Bata wengi wa Afrika Mashariki hawapigi mbizi kutafuta chakula. Bata mdomo-njano, anayeonekana sana kwenye mabwawa ya nyanda za juu za Kenya, na mwenzake mdogo mwenye mdomo mwekundu, hula kwa kubinuka: kichwa kinazama, mkia unaelekea juu, mdomo unachuja tope kutafuta mbegu, mizizi na viluwiluwi vya wadudu. Hata akijinyoosha vipi, chakula kilicho chini ya sentimita 40 hivi hakifikii. Bwawa la kina cha mita 2 anaweza kupumzikia, lakini shibe hapati.

Sasa piga hesabu ya ukingo wako. Mabwawa yanayochimbwa kwa tingatinga mara nyingi hushuka mita 1 kwa kila mita 2 za kwenda mbele. Kwa mteremko huo, ukanda wa maji yasiyozidi sentimita 30 una upana wa sentimita 60 tu. Ulaze mteremko uwe mita 1 kwa kila mita 10, na ukanda huohuo unafika mita 3. Ukiulaza mmoja kwa 15, unapata mita 4 na nusu. Maji hayajaongezeka hata debe moja, ila sehemu ya kulia chakula imekuwa kubwa mara tano au saba na nusu.

Kazi hiyo ifanyike mkiani mwa bwawa, maji yanakoingilia, wakati wa kiangazi maji yakiwa yameshuka. Tuta lenyewe usiliguse. Ukilichimba upande wa ndani ili kulilaza, unapunguza unene wake na kulifungulia njia ya kuvuja. Usipande miti juu yake pia: mizizi ikifa na kuoza huacha vijitundu, maji yanapenya humo, na siku ya mvua kubwa tuta linakatika. Udongo uliouchimba mkiani urundike katikati ya maji ya kina kifupi uwe kisiwa, na juu yake nyasi zitaota zenyewe.

Bwawa lililotandikwa karatasi la plastiki ni habari nyingine, na kwa vifaranga ni mtego. Plastiki iliyolowa huteleza kama sabuni. Kifaranga wa siku mbili akiingia majini hawezi kupanda, anazungukazunguka ukingoni mpaka achoke na baridi imuue. Kenge, vyura na hata paka huishia hivyohivyo. Tandika magunia ya mkonge au wavu mnene angalau pembe mbili za bwawa, kuanzia nchi kavu hadi nusu mita chini ya usawa wa maji, ukiyafunga juu kwa vigingi vilivyo nje ya plastiki.

Ukishapata kina kifupi, chakula kinaletwa na kukauka kwa tope. Maji yakishushwa sentimita 30 hadi 50 kiangazi, tope linapata hewa, majani yaliyokufa yanaoza upesi, na nyasi za mbegu ndogondogo zinachipua. Unaweza kuwahi na kurusha ulezi au mtama juu ya tope lililo bichi bado. Mvua zikirudi, maji yanafunika mbegu na mabua, wadudu wanazaliana kwa wingi, na bata wanafika. Vifaranga, hata wa bata wanaokula mbegu na majani ukubwani, hutegemea sana wadudu wiki za kwanza kwa sababu wanahitaji protini ya kuotesha manyoya. Bwawa lisilo na valvu linashushwa kwa mpira wa maji unaopitishwa juu ya tuta, mradi mdomo wa nje uwe chini kuliko usawa wa maji ya ndani.

Mkate na mahindi ya kurusha viache. Chakula kinachobaki huoza na kulisha mwani, na mahindi yaliyovunda hubeba sumukuvu, ambayo bata huathirika nayo haraka kuliko kuku.

Samaki je? Hapa ndipo wengi hukosea, maana wanataka vyote viwili kwenye maji yaleyale. Samaki aitwaye kapu (carp) hufukua tope usiku na mchana, maji yanakuwa ya rangi ya chai, mwanga haufiki chini, na majani ya majini yanakufa. Perege wakizidi, wanamaliza majani machanga pamoja na wadudu. Kambare mkubwa humeza kifaranga mzima. Kama eneo linatosha, chimba bwawa la pili la samaki. Kamba wa maji baridi kutoka Marekani usiwalete kabisa. Waliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, na miaka iliyofuata yungiyungi na majani yaliyozama yalipungua vibaya. Gugu maji na salvinia, gugu jingine linaloelea, nazo zing'oe ukiona shina la kwanza. Ukisubiri zitande, utahitaji vibarua wa mwezi mzima.

Matete na mafunjo, kwa upande wake, yaache yakue hadi yafunike karibu nusu ya bwawa, yakikatwakatwa na vijia vya maji wazi. Yakifunika kila mahali bata hawaoni pa kutua, na yakikosekana hawana pa kujificha kwazi, tai wa majini, anapopita. Ukingo mmoja uache nyasi ndefu, kwa kuwa mdomo-njano hutaga chini, ndani ya majani mazito. Ukingo wa pili ufyekwe au uchungwe, kwa sababu bata bukini wa Misri hula nyasi fupi na hupenda kuona mbali. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika nje ya uzio, kwa bomba, wasije wakakanyaga mayai.

Bukini wa Misri na bata mwenye nundu mdomoni hupenda matundu ya miti, na wakati mwingine huchukua kiota kikuukuu cha ndege aitwaye fundichuma, lile rundo kubwa la vijiti panda ya mti. Kwa hiyo mti mkavu wenye tundu usiukate kuni.

Kama kisiwa hakiwezekani, unda chelezo. Fremu ya mbao ya mita 2 kwa 1 ikifungiwa madumu 6 ya lita 20 yaliyozibwa barabara inabeba karibu kilo 120, ikiwa ni pamoja na uzito wa mbao. Kosa la kawaida ni kuijaza udongo. Sentimita 5 za udongo juu ya mita 2 za mraba, mvua ikizilowesha, zinapita kilo 150, na chelezo inazama na mayai yake. Weka matete makavu na nyasi. Ifunge kwa kamba mbili zenye mawe, kila moja izidi kina cha maji yakijaa kwa mita 1 hivi, na utie ubao wa kupandia unaoingia majini kwa mteremko wa taratibu. Chelezo inawatatiza nguchiro, mbwa na paka. Kenge anaogelea, huyo hazuiliki.

Maji ya kina kifupi yenye majani huvutia pia konokono wa kichocho na mbu. Watoto wasiogee upande huo, na mahali pa kuchota maji pawe upande wa pili, penye kina.

Kiangazi kikali, maji yakipungua na kuwa ya moto, kagua kingo kila asubuhi. Ukikuta bata ameshindwa kuinua shingo, huenda ni sumu ya bakteria iitwayo botulini, na funza wa mzoga mmoja wanatosha kuwaua wengine wanaowala. Okota mizoga kwa glavu, ichome au ifukie mbali na maji. Wakifa wengi kwa mpigo, usiguse kitu: mwite afisa mifugo, inaweza kuwa mafua ya ndege. Kwa sababu hiyohiyo bata wa kufugwa wasichanganywe na wa mwituni.

Na bwawa likiwa tupu ghafla kwa wiki tatu au nne, si lazima kuna kilichoharibika. Bata hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja, na katika kipindi hicho hawawezi kuruka, hivyo wengi huhamia mapema kwenye maji mapana ambako adui anaonekana kwa mbali. Bwawa la nusu ekari haliwatoshi kwa hilo.